Goti la Masifu ya Jioni

Vijana wangu, najua mnavyonisema mkishuka kilimani Jumamosi. Mnasema mzee yule wa Masifu ana kichaa chake. Mtu anakuja kujifunza kuimba Kilatini, hajafungua hata kinywa, anaambiwa piga goti, gusa sakafu kwa vidole, simama. Tena. Tena. Nusu saa nzima. Mmoja wenu, simtaji lakini anajijua, aliniuliza kama hii ni kwaya au ni mafunzo ya jeshi. Siku ile nilicheka, nikamwambia arudie mara tano. Leo sina hamu ya kucheka, kwa hiyo kaeni niwaeleze.

Goti lile ni desturi ya wamonaki, ya zamani sana. Mkiwa katika kwaya, mmoja akiingia mapema, au akapotea sauti, au akaimba mstari usio wa upande wake, hakuna wa kumnyooshea kidole. Yeye mwenyewe, hapo hapo, anapiga goti, anagusa sakafu, anasimama, anaendelea na wenzake. Hageukiwi na mtu. Yamekwisha. Ni jambo la kufumba na kufumbua, na mgeni aliyekaa nyuma haoni kitu, isipokuwa kama analijua.

Mimi nililijua mno. Nilipoingia katika nyumba yetu ndogo juu ya kilima cha Kisugu nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa mtoto wa polisi aliyetoka upande wa Tororo, nimekulia kambini, nina Kiswahili cha kambini na sauti ya kuitia watu kutoka ng'ambo ya barabara. Wiki ya kwanza nilipiga goti mpaka kanzu ikatoboka. Ilibidi nishone kiraka, na Bruda wa ghala aliponiona akauliza kama nimekuja kuimba au kupalilia.

Nyumba hiyo haipo tena, msiitafute. Tulikuwa watu kumi na sita: Waganda, Wakongo, watu wa kaskazini na Wakenya wawili. Sala nyingine tulizisali kwa Kiingereza, lakini Masifu ya Jioni yalibaki Kilatini. Wakati ule nyumba nyingi zilikuwa zimeshakiacha, na wageni walitushangaa. Priori wetu, yaani mkuu wa nyumba, alikuwa na jibu moja tu. Alisema hiyo ndiyo lugha pekee ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyezaliwa nayo, basi hakuna atakayejiona mwenyeji na hakuna atakayejiona mgeni. Nyinyi mnaona ni mzaha. Huko chini mjini, miaka ile ya utawala wa jeshi, mtu aliweza kufa kwa sababu ya lugha ya mama yake.

Aliyenifundisha kuimba ni Bruda Gaspari, mzee wa Kikongo kutoka upande wa Bukavu, aliyekimbia vita vya kwao akiwa na kitabu cha nyimbo kifuani na kiatu kimoja mguuni. Kile kingine kilibaki matopeni. Hakuwa na piano, hakuwa na filimbi ya kupimia sauti, hakuwa na simu kama hizo mnazonirekodia bila ruhusa. Alikuwa na mgongo wake.

"Kuya ukae huku nyuma yangu," aliniambia siku ya pili. "Mugongo kwa mugongo. Sasa nyamaza, usikilize."

"Nisikilize nini, Bruda? Hujaimba bado."

"Pumuzi. Weye unaangaliaka midomo ya batu. Midomo inadanganya. Mugongo haidanganyi."

Tulikaa hivyo kwenye benchi la jikoni kila alasiri, mgongo kwa mgongo, wapishi wakimenya ndizi na kutucheka. Nadhani mnajua jinsi zaburi inavyokwenda: upande mmoja unaimba mstari, upande wa pili unajibu. Katikati ya kila mstari kitabuni kuna alama ndogo ya nyota. Hapo kwenye nyota kwaya nzima inanyamaza, inavuta pumzi, kisha inaingia pamoja kama mtu mmoja. Kimya hicho hakina hesabu. Siku ya mvua ni kifupi, siku ya maziko ni kirefu. Mtu hawezi kukihesabu, anakisikia mgongoni mwa mwenzake. Ilinichukua miezi mitano kukielewa. Miezi hiyo yote nilikuwa nikidondokea ndani ya kimya peke yangu, sauti ikilia kanisa zima.

Kulikuwa na jambo jingine. Miezi ile ya mwanzo, nilipokosea na kuganda kwa aibu, Bruda Gaspari aliyesimama kando yangu alinipigia goti. Yeye, mzee wa magoti mabovu, alishuka chini kwa kosa langu, akagusa sakafu, akainuka akishikilia kiti. Mara ya kwanza nilimfuata baada ya sala nikamwambia, Bruda, nimekosea mimi, si wewe. Alinitazama kama anayeangalia sufuria iliyovuja.

"Kosa iko ya siye wote. Mwenye iko karibu anaibeba. Basi."

Nilimwelewa? Nilidhani nimemwelewa. Nilipoanza kuimba vizuri niliona hayo ni mambo ya wanaojifunza. Nikahamishiwa upande wa pili wa kwaya, nikapewa kazi ya kuanzisha zaburi, na nikaanza kujihesabia siku. Tangu Pasaka sijapiga goti. Tangu Pentekoste sijapiga goti. Nilijivunia kiraka kile kilichokuwa kinazeeka bila kuongezewa kingine. Sikumwambia mtu, lakini kiburi hakihitaji kusemwa, kinatembea nawe.

Sasa niwaambie habari za Ocaya.

Ocaya alikuwa mpiga tarumbeta katika bendi ya polisi, Mwacholi, rafiki wa baba yangu. Kambini tulikuwa mlango kwa mlango. Baba alipofariki ni yeye aliyenivisha viatu vya shule, na nilimwita Baba mdogo mbele za watu na nyuma yao. Alinyoa ndevu kila asubuhi hata siku za likizo, na alipopita mahali penye muziki mguu wake ulipiga mapigo bila yeye kujua.

Mwaka ule wanajeshi walianza kuja kambini kuwaita polisi kwa majina. Wacholi, Walango, watu wa makabila ya kaskazini, mmoja leo, wawili kesho. Gari linakuja mchana kweupe, jina linasomwa, mtu anapanda na sare yake, mkewe anabaki amesimama na kijiko mkononi. Wapiga ngoma wote wawili wa bendi walikwenda hivyo. Ocaya alipotumwa mjini kuchukua ngozi mpya za ngoma, hakurudi. Alikuja kwetu kwa miguu, akakaa kwenye ngazi za kanisa, akauliza kama mwana wa marehemu rafiki yake yupo.

Priori alimsikiliza dakika kumi. Bruda Gaspari alikuwa anamjua mfanyabiashara wa Kikongo aliyepeleka samaki wakavu kwao kila mwezi na ambaye angeweza kumvusha mpaka. Lakini safari yake ilikuwa baada ya wiki tatu. Wiki tatu utamficha wapi mtu mwenye urefu wa mlango? Watu wa mtaani waliingia kanisani kila jioni, na si wote waliokuja kusali. Mkuu wa mtaa alikuwa na karatasi iliyosema humu ndani mna watu kumi na sita. Siku hizo Bruda Yosefu alikuwa amelazwa hospitali ya Mulago kwa homa ya matumbo, na kiti chake katika kwaya kilikuwa wazi, kando ya changu.

"Atavaa kanzu ya Yosefu," Priori akasema. "Tutamficha mahali ambapo kila mtu anamwona." Kisha akanigeukia mimi. "Una wiki moja ya kumfanya mmonaki."

Nilianza siku hiyo hiyo. Nilimfundisha kuinama chini kabisa kwenye Atukuzwe Baba, mikono magotini. Nilimfundisha lini tunageukia altare, lini tunavaa kofia ya kanzu na lini tunaivua. Nilimwambia achezeshe midomo tu. Akakataa.

"Mwanangu, mimi ni mutu ya muziki. Nitasimama hapo nafungua mudomo kama samaki? Hapana. Nifundishe."

Basi nikamfundisha, mgongo kwa mgongo, kwenye benchi lile la jikoni. Sikio lake lilikuwa bora kuliko langu. Sauti alizishika siku mbili tu. Kilichomshinda ni kimya cha kwenye nyota.

"Hapa nahesabu ngapi? Mbili? Tatu?"

"Usihesabu, Baba mdogo. Subiri wenzako wavute pumzi."

"Nani anapiga sasa, kama hakuna ngoma?"

"Hakuna anayepiga."

"Miaka kumi na nane nahesabu, mwanangu. Hata nikilala nahesabu." Alicheka kidogo. "Wale wa ngoma ndio walikuwa wananishikia mapigo. Sasa hakuna."

Siku ya tisa, wiki ya Priori ikiwa imeshapita, alikipata. Nilihisi mgongo wake ukijaa pamoja na wangu, kisha tukaingia kwa pamoja, na wapishi wakaacha kumenya ndizi. Niliona fahari kupita kiasi. Kwa siku kumi alisimama kando yangu jioni hata jioni, akaimba bila doa, na watu wa mtaani hawakumtazama mara mbili. Nilimfundisha kila kitu cha kufanya anayeimba sawasawa. Anachofanya anayekosea sikumfundisha. Haikunijia kichwani. Niliona mwanafunzi wangu hatakosea.

Zikabaki siku mbili mfanyabiashara aondoke.

Walikuja saa kumi na mbili kasoro, jua likiwa bado kwenye madirisha. Lori moja, askari sita na afisa mmoja kijana, mrefu, mwenye miwani. Tulikuwa tumekwisha kuanza. Priori alitoka kwenye kiti chake akaenda kuwapokea mlangoni, na sisi tukaendelea, kwa kuwa desturi ni hiyo, Masifu yakianza hayakatizwi.

"Sisi natafuta mutu moja ya polisi," afisa akasema, na tulimsikia sote. "Nyinyi iko ngapi hapa?"

"Kumi na sita," Priori akasema, na hakudanganya.

Walituhesabu. Askari mmoja alipita katikati ya pande mbili za kwaya akitunyooshea kidole, nane upande wetu, saba upande wa pili, na Priori mlangoni wa kumi na sita. Wengine walipekua vyumba, tukasikia vitanda vikisukumwa. Wakarudi mikono mitupu. Afisa akawaambia warudi kwenye lori, nao wakatoka wote. Nilisikia mlango wa lori ukifungwa, nikadhani yamekwisha.

Lakini yeye hakutoka. Alimwambia Priori, kwa sauti ya chini kabisa, "Mimi nilisoma kwa mapadri. Siku mingi sijasikia hii. Endelea tu, endelea." Akavua kofia yake. Nadhani alisema kweli. Nadhani alibaki kwa sababu aliipenda.

Tukaanza zaburi ya tatu. Afisa alikuwa akitembea taratibu nyuma ya kanisa, ukutani hadi ukutani, mikono mgongoni. Sakafu yetu ilikuwa ya saruji na alivaa buti zenye vyuma. Moja, mbili. Moja, mbili. Mimi sikuzisikia buti, nilikuwa nimezama katika kazi yangu. Ocaya alizisikia. Kwa miaka kumi na nane mwili ule ulitembea kwa mapigo ya buti, na sasa mtu alikuwa anampigia. Ilikuwa zamu ya upande wetu. Tukafika kwenye nyota, tukanyamaza sote, na ndani ya kimya kile sauti nzuri ya Ocaya ikaingia peke yake, sawasawa kabisa na buti.

Ni silabi moja tu. Alijikata hapo hapo. Tukaingia sote tukamfunika, na mstari ukaendelea.

Buti zilisimama.

Upande wa pili nilimwona Bruda Gaspari akishuka chini. Alipiga goti papo hapo, mzee yule, bila kufikiri. Lakini haukuwa mstari wa upande wake, na aliyesoma kwa mapadri alijua hilo. Afisa alikuwa anatazama upande wetu. Alikuwa anasubiri. Watu wanane wenye kanzu moja, wamempa ubavu, na yeye amesikia sauti tu, hakuona kinywa. Alichotaka ni kuona mmoja wa wanane wale akishuka na kuinuka, kama alivyoona mara mia shuleni kwake, na mambo yangekuwa yamekwisha.

Mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Vijana, watu huniambia nilikuwa na hofu, na hofu si dhambi. Mapadri wawili wameniambia hivyo kwenye kitubio. Ningeshukuru kama ingekuwa hofu. Nilikuwa na hofu, ndiyo, na hofu peke yake ingenishusha chini kwa urahisi. Lakini wazo lililonipita kichwani, nalikumbuka neno kwa neno, ni hili: sikukosea mimi. Tangu Pasaka sijakosea. Nikabaki wima.

Mstari ukaisha. Wa pili ukaisha. Afisa akaja mbele, akasimama katikati yetu, na kuimba kukafa kwenyewe.

"Kuna mutu amekosea upande hii," akasema. "Mimi nimesikia. Kwa nini hakupiga magoti?"

Wote tulitazama chini, kwa kuwa sote tulijua alichokuwa anasema. Ocaya hakujua. Aligeuza kichwa akanitazama mimi, kwa utulivu, kama alivyozoea kunitazama kwenye benchi la jikoni, ili aone mwalimu wake anafanya nini naye afanye hivyo hivyo.

Afisa alimwona anavyonitazama. Hakupiga kelele. Alimshika kiwiko, karibu kwa adabu, akamwambia, "Twende, mzee." Mlangoni Ocaya alivua kanzu ya Yosefu mwenyewe, akaikunja vizuri kwa mikunjo ya kambini, akaiweka juu ya benchi la mwisho. Lori likawaka. Priori alipandishwa pia, akarudishwa baada ya wiki mbili bila meno ya mbele. Ocaya hakurudi.

Tulimaliza Masifu. Mtaniuliza tuliwezaje, na mimi sijui. Wimbo wa Maria niliuanzisha mimi, ilikuwa kazi yangu, na niliuanzisha kwa sauti safi. Nalichukia jambo hilo mpaka leo.

Bruda Gaspari hakunigombeza. Aliniona asubuhi yake nikifagia kanisa, akaketi, akakanda magoti yake. "Weye ulikuwa karibu," akasema. Kwa miaka sita iliyomfikisha kaburini hatukulizungumza tena.

Mkewe Ocaya, Mama Akello, alikuwa akiuza dagaa sokoni Nakivubo. Alikuja kama mwezi mmoja baadaye, mchana, amevaa nguo ya kanisani. Alikuwa amekwenda kambini, amekwenda kwenye vituo, amekwenda Mulago kutazama waliolazwa na wasiolazwa. Hakuja kulia. Alitaka tu kujua walimtambuaje, mtu aliyevaa kama sisi na kusimama kama sisi. Priori alikuwa hawezi kusema vizuri bado, basi nilimpokea mimi.

"Alikosea kuimba, Mama," nikasema. "Mahali padogo tu."

Alinikodolea macho. "Ocaya? Akosee muziki? Wewe namujua Ocaya?"

"Namjua, Mama."

"Basi si yeye. Mutu mwingine alikosea, yeye akachukuliwa bure."

Nilitaka kusema neno la kweli, na nikasema hili: "Pengine ni mimi niliyekosea, Mama."

Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Mikono ilikuwa na chumvi ya dagaa. Alidhani namfariji. "Usiseme hivyo, mwanangu," akaniambia. "Mungu anasikia. Kama ni wewe ungekosea, leo mama yako ndiye angekuwa analia."

Hapana. Hakuna mama ambaye angelia. Ningepiga goti, ningegusa sakafu kwa vidole, ningesimama, na zaburi ingeendelea. Hilo sikumwambia.